Mshale Uliolala

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta u mzima, na kile kikohozi cha vumbi la saruji ulichomlalamikia Mama kwenye simu kimeshakuachia kifua. Kama bado kipo, usijifanye jabali, nenda ukapimwe. Sisi huku wazima. Mama hajambo, goti la kushoto linamsumbua asubuhi tu, na ikifika saa nne kazi zimeshamsahaulisha. Baba naye hajambo kwa kadiri ya umri wake. Macho yamepungua nuru na mikono inatetemeka, hata chai tunamjazia nusu kikombe, lakini mdomo wake hautetemeki hata kidogo. Bado anatuamuru kama zamani.

Mimi naendelea na udobi wangu. Nina mashine mbili sasa na meza tatu za kupigia pasi, na zahanati ya hapa jirani inaniletea mashuka yake yote. Najua unacheka, maana ulikuwa ukisema siwezi kufunga mdomo muda wa kutosha kunyoosha shati moja. Ndiyo sababu ukaniita Chiriku. Jina hilo limenishika, hata wateja wananiita hivyo, ingawa ukifika mwisho wa barua hii huenda ukaona halinistahili.

Kaka, nakusihi usiichane karatasi hii nikianza kutaja gari. Tangu siku ile, na sasa ni miaka kumi na mmoja, gari na Baba kwako vimekuwa kitu kimoja, na Mama akigusia chochote kati ya hivyo kwenye simu, unakumbuka ghafla kwamba kuna mtu anakugongea mlango. Ningeweza kukupigia, lakini ungeniaga kabla sijafika kwenye kiini. Kwa hiyo nimeona nikuandikie. Soma hadi mwisho, kisha ufanye utakavyo.

Gari lenyewe bado lipo. Ni lile lile jeupe ambalo Baba alilifufua kwa miaka mitatu kutoka kwenye magari matatu yaliyokufa, lenye mlango wa nyuma unaofungwa kwa kamba. Baada ya yale yaliyotokea alilitafutia silinda hedi nyingine, na siku hizi ndilo linalobeba mashuka yangu. Ile hedi iliyopasuka hakuitupa. Aliiweka mlangoni pa stoo, juu ya matofali mawili, kila anayeingia aione. Mgeni akiuliza, Baba alikuwa na jibu moja, kwamba kile ni kichwa cha injini kilichouawa na dereva asiyetazama mshale. Nimejikwaa kwenye chuma hicho mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Unajua alivyokuwa na mshale wa joto. Mtaa mzima bado unamwita Mzee Mshale. Alimfundisha kila dereva aliyepita mikononi mwake kwamba geji ya joto ndiyo rafiki pekee asiyedanganya ndani ya gari. Uliporudi siku ile umekokotwa na lori, uso umejaa mvuke na jasho, shangazi yetu uliyekuwa umekwenda kumchukua hospitalini bado ameketi kiti cha nyuma na kifurushi chake cha dawa, ulisema maneno matatu tu. Ulisema, Baba, mshale umelala. Uliyarudia na kuyarudia. Naye akakujibu kwamba mpira wa juu wa kupitishia maji ya injini ulikuwa mpya, maji yalijazwa jana yake, hewa ilitolewa, kwa hiyo mshale haukuwa na sababu ya kulala, na kama kuna aliyelala basi ni wewe. Mbele ya majirani akakuita mwongo. Ukaweka ufunguo juu ya boneti na kuondoka, na tangu hapo hujashika usukani wala kukanyaga ua huu. Ulikuwa dereva mzuri kuliko wote ninaowajua, Kaka, na leo unahesabu mifuko ya saruji ghalani.

Sasa nikueleze kilichotokea wiki mbili zilizopita. Jumanne nilikuwa natoka zahanati na mashuka machafu, mshale ukaanza kupanda. Nilizima injini pale pale, maana mimi nami ni mtoto wa Mzee Mshale. Niliacha ipoe, nikawasha, nikasogea kidogo, nikazima tena, hadi nikafika nyumbani. Baba alikuwa kwenye kiti chake uani. Hakuniuliza lolote. Aliniambia nimshike mkono nimpeleke mbele ya gari, akapapasa mpira wa juu, akapapasa wa chini, akasema mpira mmoja una moto na mwingine una baridi, mlango wa maji umekwama. Ilimchukua muda mfupi kuliko mimi kuvua viatu. Alikuwa anaizungumzia themostati.

Nilitaka kumwita fundi. Baba alikataa katakata. Alisema mafundi wa siku hizi themostati ikikwama wanaing'oa na kuitupa, wanaliacha gari bila mlango, linakunywa mafuta na kutembea na baridi maisha yake yote, halafu wanamwambia mwenye gari kwamba tatizo limekwisha. Alisema kazi hii ataifanya yeye kwa kutumia mikono yangu. Nikamwambia mikono yangu ni ya dobi. Akanijibu kwamba jambo la muhimu ni kuwa haitetemeki, basi nijikaze kisabuni kama dobi.

Nikanunua mpya, na hapo ndipo maajabu yalipoanza. Baba hakukubali ifungwe kabla haijapimwa. Alisema niifunge kwa uzi kwenye mwiko, niining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, na ile ya zamani tukiitoa niipime vivyo hivyo, kisha niwashe jiko na kutazama. Huenda wewe uliwahi kuyaona haya. Mimi sikuwa nimeyaona. Ni kidude kinachoenea kiganjani, bamba la shaba na springi, na katikati kuna kitufe kinene. Ndani ya kitufe, Baba alisema, mna nta. Nta tu, jamii ya ile ya mshumaa. Maji yakiwa ya baridi, nta imejikunyata na mlango umefungwa, ili injini ipate joto lake la kufanyia kazi. Maji yakipata moto wa kutosha, nta inavimba, inausukuma mlango, maji yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Hakuna waya unaokiambia wala mtu anayekiamuru.

Niliinamia sufuria kama mtu anayesubiri maziwa yasifurike. Maji yakaanza kutoa viputo vidogo. Kidude kilikaa kimya. Nikadhani nimeuziwa kibovu. Halafu, Kaka, taratibu kabisa, kikafumbuka. Kilifunguka kama jicho la mtoto anayeamka mwenyewe bila kuitwa. Nilijishika mdomo. Nikakitoa kwenye maji, kikatulia kidogo, kikajifunga. Nikakirudisha, kikafunguka. Mama alikuja kunigombeza kwa nini nachemsha vyuma kwenye sufuria yake, akasimama nyuma yangu na ugomvi wake mdomoni, kisha akaniomba nikitoe na kukirudisha tena aone. Tulisimama pale, watu wazima wawili, tukikishangilia kipande cha nta. Ninashinda na joto na mvuke kila siku ya maisha yangu, na sikuwahi kufikiria kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kulijua joto kuliko mimi.

Alhamisi asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, tukaanza kazi. Baba alikaa karibu na tairi la mbele, fimbo mkononi, ananionyesha kwa ncha yake. Nikakinga maji ya rejeta kwenye beseni langu la bluu. Nikafungua bolti mbili za kifuniko cha themostati, nikaitoa ile ya zamani. Ilikuwa imejaa kutu, na tulipoichemsha jikoni haikutikisika hata kidogo. Nikakwangua gasketi, ile karatasi ya kuziba mwanya, iliyogandamana, kwa wembe, polepole, hadi chuma kikang'aa. Baba akapitisha kidole, akasema bado. Nikakwangua tena. Akasema springi itazame injini, na katundu kale kadogo pembeni mwa bamba kakae juu, maana hewa hukimbilia juu. Bolti nikazikaza kwa zamu, hii kidogo na hii kidogo. Kisha nikamimina maji na dawa ya rejeta kwa jagi, bila haraka, hadi yakafika shingoni.

Hapo nikaiona skrubu ya kutolea hewa. Injini ilibadilishiwa hedi, lakini kifuniko kilikuwa kile kile cha zamani na skrubu ile ile ya shaba, yenye mfereji uliolika upande mmoja. Niliifahamu kama mtu anavyoifahamu sura ya anayemdai. Baba hakuona. Aliniambia nisiifungue kwanza. Alitaka kunionyesha mchezo mmoja aliokuwa akiwaonyesha wanagenzi wake, dakika chache tu, hauwezi kuiumiza injini.

Akaniambia niwashe na kufungua hita hadi mwisho wa joto. Nikakaa, injini ikaunguruma. Hita ikapuliza baridi, ikaendelea kupuliza baridi. Baadaye akaniita nishuke, nilowanishe kidole na kugusa kichwa cha injini vile ninavyoijaribu pasi. Nikagusa. Kidole kikalia chwaa, unyevu ukapotea hapo hapo. Ile ilikuwa pasi ya kunyooshea kitani, Kaka, najua ninachokisema. Baba alitabasamu. Akanirudisha kwenye usukani, akaniuliza kwa sauti ya mwalimu, haya, mshale unasemaje?

Nikatazama. Nikamjibu bila kufikiri. Nikasema, Baba, mshale umelala.

Nilijisikia nikiyasema. Ilikuwa sauti yangu, lakini maneno yalikuwa yako, moja baada ya jingine, katika ua ule ule. Baba alikuwa ameshaanza kueleza, kwamba geji haipimi chuma, inapima maji, na hewa ikijikusanya pale juu penye kipimo, basi kipimo kinakaa kwenye hewa na hakijui kitu, injini inaungua na mshale umelala kama mtu aliyeshiba. Alifika kwenye neno kulala akanyamaza. Fimbo ilibaki hewani ikitazama kifuniko. Nilisikia injini tu na feni ya hita ikipuliza baridi yake. Kisha, kwa sauti ambayo haikuwa ya mwalimu tena, akaniambia nizime na kusubiri joto lipungue, kisha nitoe hewa.

Akanielekeza nitie tone la mafuta kwenye skrubu, niigonge kidogo kwa mpini wa bisibisi, nisubiri, nifunike kwa kitambaa, halafu nizungushe bila papara. Nilitazama saa ya mkononi. Zilikuwa zimepita dakika tano tu. Skrubu ikakubali. Kwanza ikatoka sauti nyembamba, hewa ikifoka, ndefu kuliko nilivyotegemea, kisha mapovu, kisha mate ya maji na hewa, maji na hewa. Nilipobonyeza mpira wa juu, gari zima likapumua kwa ndani. Nilimimina, nikabonyeza, nikamimina. Mwishowe uzi wa maji ukatoka umenyooka, bila hata kiputo kimoja, nikakaza skrubu. Nikawasha tena. Hita ikanipiga usoni na joto. Na mshale, Kaka, ule mshale ukaamka. Ukapanda bila haraka, ukafika katikati, na hapo hapo mpira wa chini ukawa wa moto mkononi mwangu, maana kule ndani, mahali ambapo hakuna jicho linaloweza kufika, ile nta ilikuwa imefungua mlango. Mshale ukasimama wima. Sijui nikueleze vipi zaidi ya kusema kwamba niliogopa, kwa namna mtu anavyoogopa mbele ya kitu cha kweli kabisa.

Baba hakufurahi. Aligeuza uso upande wangu, macho yake yasiyoona vizuri yakanitafuta, akaniuliza swali aliloniuliza miaka kumi na mmoja iliyopita. Aliuliza kama siku ile nilitoa hewa.

Kaka, mpira ule wa juu niliufunga mimi. Wewe ulikuwa kwenye safari zako, na Baba, ambaye siku zote alikufundisha wewe na mimi akaniachia kushika tochi, kwa mara ya kwanza alinipa kazi nifanye peke yangu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na nilijiona nimepewa dunia. Niliufunga mpira vizuri, nikajaza maji. Nilipofika kwenye skrubu ilikataa. Baba alikuwa amenionya kwamba shaba ni laini, ukiilazimisha inakatika, na bisibisi ilishateleza kwenye mfereji mara moja na kuula. Niliogopa kukatia skrubu ndani siku yangu ya kwanza, na niliogopa zaidi kwenda kumwambia kwamba imenishinda, asije akanirudishia tochi. Maji nilikuwa nayaona yamefika shingoni. Nikafunga kifuniko cha rejeta. Jioni Baba akauliza kama nimetoa hewa, nikamwambia nimetoa. Alinigusa kichwani. Asubuhi yake ukachukua ufunguo.

Uliporudi na kusema mshale umelala, mimi peke yangu katika ua ule nilijua kwamba huenda unasema kweli. Sikujua sababu, lakini nilijua kuna kitu sikukifanya. Nilisubiri hasira ipoe ndipo niseme. Haikupoa. Ukaondoka. Nikajiambia utarudi baada ya wiki, na ukirudi nitasema. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na kila siku iliyopita ilinizidishia aibu ya kutosema jana yake. Nimepiga domo juu ya kila kitu chini ya jua, nikanyamaza kwenye jambo moja lililokuwa na haja ya mdomo wangu. Nilikuandikia barua ngapi, nikikuuliza habari za afya na hali ya hewa? Nilikuwa naogopa, Kaka. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo.

Nilimwambia Baba yote, pale pale, mikono yangu ikiwa na grisi. Hakunipigia kelele. Heri angenipigia. Aliomba nimsindikize stoo, akaigusa ile hedi iliyopasuka kwa ncha ya kiatu, akabaki hapo hadi Mama akatoka kutazama kulikoni. Siku mbili hakupokea chai mkononi mwangu. Mama alilia, kisha akanisema, na nilistahili kila neno. Siku ya tatu Baba akaniita. Aliniambia nikaitupe hedi, nikainama kuinyanyua, akanizuia. Akasema niiache, uje uitupe wewe mwenyewe, ni haki yako.

Halafu akaniagiza nikuandikie. Niliuliza kama niseme amekusamehe. Alikasirika kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akasema amsamehe nani, na kwa kosa lipi. Akasema niandike hivi, nami naandika kama alivyotamka: mshale ni kipande cha bati, na mimi niliuamini kuliko mwanangu, miaka kumi na mmoja nimewafundisha watu uongo huo mbele ya mlango wangu. Akaongeza kwamba gari halina dereva, lina dobi tu.

Mimi sikuombi unisamehe leo. Nakuomba uje kwake. Ukitaka kunikasirikia, njoo unikasirikie hapa, nitakuwa mezani kwangu na pasi, na sitakwenda popote. Ufunguo upo kwenye msumari ule ule. Nimeutoa vumbi.

Mama anakusalimu sana, anasema ukija usilete chochote, uje na mwili wako. Shangazi naye anakusalimu. Hakuwahi kusimulia kwamba ulilala njiani, nami sikuwahi kumuuliza. Salamu zangu ziwafikie wenzako wa ghalani, na kifua chako ukiangalie.

Ni mimi mdogo wako,

Chiriku

Hilo doa jeusi hapo chini si uchafu, usidhani dobi ameshindwa kazi yake. Baba alitaka kutia sahihi, mkono ukamkatalia, mara tatu kalamu ikamtoroka. Akaniambia nimpeleke kwenye gari. Alipapasa hadi kwenye ile skrubu, akapaka grisi yake kidoleni, akaomba nimwekee karatasi juu ya boneti, pale pale ulipoacha ufunguo. Hicho ni kidole gumba chake.